Bastola ya mashindano: tusiamini orodha bila mizani

Wakati wa Michezo ya Olimpiki ya Paris, mwaka 2024, picha ya Yusuf Dikeç ilizunguka dunia nzima kwa simu. Mturuki wa miaka 51, tisheti, miwani ya kawaida, mkono mmoja mfukoni na mwingine umeshika bastola. Yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan walipata medali ya fedha katika bastola ya upepo ya mita 10. Watu wakacheka, wakasema: mzee amekuja bila kitu, na bado amechukua medali.

Kile ambacho picha haikuonyesha ni meza ya ukaguzi. Kila bastola ya upepo inayofika katika mashindano ya namna hiyo inapitia hapo kwanza. Inaingizwa ndani ya sanduku la milimita 420 kwa 200 kwa 50. Isipoingia, inarudi nyumbani. Inawekwa kwenye mizani: haipaswi kupita gramu 1,500. Kisha kifyatulio, pale kidole kinapovuta, kinapimwa: lazima kibebe gramu 500 bila kufyatuka. Bingwa wa dunia na yule aliyeshika nafasi ya mwisho katika inchi yake wanapanga mstari mmoja mbele ya meza ile.

Leo nataka kuongelea jambo hili: namna bastola inavyokubaliwa kuingia katika kundi fulani la mashindano. Najua ndugu msomaji wa Goma, Bukavu, Beni ao Uvira ataniuliza kama nimekosa jambo la kuandika. Kwetu mlio wa risasi si mchezo. Ni kweli. Lakini hatuna nafasi nyingi za kuona watu wa mataifa mbalimbali wakikubaliana, kwa amani, silaha gani inapita na gani haipiti, nani anaamua, na kwa kipimo gani. Wamefanya hivyo kwa miaka mingi. Wamefaulu mahali fulani, na mahali pengine wameteleza. Maoni yangu ni kwamba waliteleza kila mara walipoliachia jina la bastola kazi ya mizani. Na sisi tuna sababu ya kulifuata jambo hilo kwa karibu.

Ruhusa si moja, ni tatu

Kwanza tuelewane. Mtu anaposema «bastola yangu imekubaliwa», anaweza kuwa anasema mambo matatu tofauti.

Ruhusa ya kwanza ni ya serikali. Hiyo inamhusu mtu: nani anaweza kumiliki bastola, kwa sababu gani, na ataiweka wapi. Afrika ya Kusini, sheria ya silaha namba 60 ya mwaka 2000 inamtambua mwanamichezo wa kudumu wa kulenga shabaha, lakini inamtaka awe mwanachama wa chama kinachotambuliwa na serikali. Uingereza ilikaza zaidi. Baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa katika shule ya Dunblane, Scotland, mwezi Machi 1996, bunge lilipiga marufuku karibu bastola zote kwa raia mwaka 1997. Tangu hapo, Mwingereza anayeshindania bastola ya mita 25 mara nyingi analazimika kufanyia mazoezi yake inchi za nje, na wakati wa Olimpiki ya London 2012 ilibidi serikali itoe ruhusa maalumu ili mashindano yawezekane.

Ruhusa ya pili ni ya shirikisho la mchezo. Hiyo haimhusu mtu, inahusu chombo: bastola ya aina hii inaingia kundi gani?

Ruhusa ya tatu inatolewa siku ya mashindano, juu ya bastola ile moja uliyoileta mkononi, si ndugu yake iliyobaki dukani. Mwamuzi anaipima, anayapima masasi yake, na kukuambia ndiyo ao hapana.

Watu wengi wanachanganya hizo tatu, na ugomvi mwingi wa mchezo huu unatoka hapo. Mtu ananunua bastola ya bei kali, ana karatasi zote za serikali, anafika uwanjani na kuambiwa kwamba kundi alilolitaka haliipokei. Anaona ameonewa. Hakuonewa: alikuwa na ruhusa ya kwanza tu.

Kundi la watu wa kawaida

Tuchukue mfano wa mchezo ambapo jambo hili linaonekana vizuri, ule wa kulenga kwa vitendo: mshindani anakimbia, anapita vizuizi, analenga shabaha nyingi huku saa inahesabu. Shirikisho lake la kimataifa, IPSC, lilianzishwa mwaka 1976 katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, Marekani, na Jeff Cooper akawa rais wake wa kwanza. Si mchezo wa mbali sana nasi: mashindano yake ya dunia ya bastola ya mwaka 2025 yalipokelewa na Afrika ya Kusini.

Bastola zilianza kubadilishwa. Mwenye pesa alimpelekea fundi bastola yake, akaongezewa kifaa cha kupunguza mruko, kioo cha kulengea, magazini ndefu. Mwenye bastola ya kawaida, kama ile ya polisi, hakuwa na nafasi tena. Ndiyo maana wakagawa makundi. Kundi la Open linapokea karibu kila kitu. Kundi la Standard lina sanduku lake: bastola na magazini yake lazima viingie ndani ya milimita 225 kwa 150 kwa 45. Kuna kundi la rivolva, na mengine. Na kuna kundi linaloitwa Production, lililoundwa kwa ajili ya yule mtu wa kawaida mwenye bastola kama ilivyotoka kiwandani.

Masharti ya Production katika IPSC yanasomeka bila shida. Mtutu usizidi milimita 127. Magazini isijazwe zaidi ya masasi 15 wakati wa mashindano. Kifyatulio kibebe angalau kilo 2.27 kwa risasi ya kwanza. Hakuna kifaa cha kupunguza mruko, hakuna kioo cha kulengea. Kila mtu anahesabiwa alama kwa nguvu ndogo ya risasi, hata akileta masasi makubwa, ili asiwepo wa kununua alama kwa nguvu. Na juu ya hayo yote, jina la bastola lazima liwe katika orodha ya shirikisho.

Orodha hiyo ndiyo kiini cha maneno yangu. Kwa kawaida ni kampuni iliyounda bastola inayoomba iingizwe, si mshindani. Mshindani anafungua orodha, anatafuta jina, anaona lipo ao halipo. Anaruhusiwa kubadili vitu vidogo, kama alama za kulengea. Vipande vya ndani anavyoweka viwe vile ambavyo kampuni yenyewe inavitoa kwa bastola ile.

Mwanzoni wazo hilo lilikuwa zuri. Mwamuzi wa uwanja mdogo hawezi kujua kila bastola iliyotengenezwa duniani. Orodha inamwepusha na mabishano ya asubuhi nzima. Na mtu mwenye pesa chache anajua kabla ya kununua kama chombo chake kitapokelewa. Sina neno juu ya hapo.

Jina lilipoanza kufanya kazi ya mizani

Shida ilikuja kwa mlango wa nyuma. Kampuni zilisoma masharti kwa makini kuliko wale walioyaandika. Zikaona kwamba hakuna anayezuia kutengeneza bastola ya mbio tangu kiwandani, mradi itengenezwe kwa wingi na iuzwe kwa kila mtu. Kazi iliyokuwa ya fundi ikafanywa na kiwanda.

Mfano unaojulikana ni CZ Shadow 2 ya Jamhuri ya Cheki, iliyotoka mwaka 2016. Imetengenezwa kwa chuma na ina uzito wa karibu gramu 1,330. Glock 17, ile ambayo polisi wa inchi nyingi wanabeba, ina karibu gramu 700 pamoja na magazini tupu. Bastola nzito hairuki sana mkononi, kwa hiyo risasi ya pili inafika haraka zaidi. Zote mbili ni za «kundi la watu wa kawaida», zote mbili jina lao liko katika orodha. Hakuna aliyevunja sheria. Lakini yule mtu wa kawaida ambaye kundi liliundwa kwa ajili yake amerudi pale alipokuwa: anunue bastola ya mashindano, ao akubali kubaki nyuma.

Hata sharti la kifyatulio lilikuwa na tundu. Kilo 2.27 zilidaiwa kwa risasi ya kwanza tu. Kuna bastola ambazo risasi yao ya kwanza inavutwa kwa nguvu, kisha zinazofuata zinavutwa kwa wepesi sana. Nyingine, kama Glock, zinavutwa kwa uzito uleule kila mara. Kwa hiyo wa kwanza alilipa mara moja, wa pili akalipa kila risasi. Baadaye IPSC ilifungua njia ya pili: kilo 1.36, lakini kwa kila risasi. Naona hayo ni marekebisho ya haki. Walirudi kwenye mizani, wakatafuta kipimo kinachomfikia kila mtu sawasawa, na hawakuhitaji kumfukuza mtu kwa jina la kampuni yake.

Marekani walikwenda njia nyingine. Shirika lao, USPSA, lilianzisha kundi la Carry Optics, la bastola za kubeba zenye kioo cha kulengea. Uzito wa juu ulianza na wakia 35, yaani karibu kilo moja. Ukapandishwa hadi 45, kisha hadi 59, ambazo ni kama kilo 1.67. Nani anabeba kila siku bastola ya kilo moja na nusu kiunoni? Jina la kundi lilibaki lilelile, lakini kile kilichomo kilibadilika. Kila mara mstari ulipobana bidhaa zilizokuwa sokoni, mstari ndio uliosogezwa.

Wengine watanijibu kwamba mchezo lazima ufuate soko, kwamba watu wanataka kutumia bastola walizonunua, na kwamba sheria inayofukuza washindani inaua mchezo. Nakubali kwamba uwanja mtupu haumfaidi mtu. Lakini kama kundi limeundwa kumlinda mwenye chombo cha kawaida, na kila miaka kadhaa mpaka unasogezwa kwa faida ya mwenye chombo cha bei, basi waseme wazi kwamba kundi limebadilisha kazi. Waongeze kundi jipya kwa bastola nzito na kuliacha la zamani mahali pake.

Kile mizani inachofanya vizuri

Tuangalie sasa upande ambapo mchezo huu unastahili sifa, maana upo.

Masasi yanapimwa kwa hesabu ambayo mtoto wa shule ya sekondari anaifahamu. Waamuzi wanachukua masasi ya mshindani, wanapima uzito wa kichwa cha risasi, wanafyatua mbele ya kifaa kinachosoma mwendo, wanazidisha uzito kwa mwendo. Kwa vipimo vya Marekani wanavyotumia, matokeo yakigawanywa kwa 1,000 lazima yafike 125. Yasipofika, mshindani anaweza kuendelea kufyatua kama anataka, lakini alama zake haziandikwi. Haijalishi ametoka wapi, ametumia pesa ngapi ya tiketi, ana medali ngapi nyumbani.

Bastola ikikutwa haifuati masharti ya kundi, sheria ya IPSC inajulikana mapema: mshindani anahamishwa hadi Open, kama kundi hilo lipo katika mashindano yale, kama halipo, alama zake hazihesabiwi. Hakuna wa kumpigia simu mkubwa ili amwombee. Adhabu iliandikwa kabla ya kosa, kwa hiyo hata anayeadhibiwa anaelewa.

Kama ningeulizwa, ningewaomba wasimamizi wa mchezo huu mambo matatu. Orodha ibaki, lakini kila bastola iliyokataliwa iandikiwe sababu yake hadharani, ili fundi wa kiwanda kidogo ajue arekebishe nini. Uzito wa juu uwekwe kwa Production na usiguswe kila soko linapotikisika. Na bastola za washindi zipimwe tena mwisho wa mashindano, kabla ya medali, mbele ya wale walioshindwa.

Etiketi na gunia

Wakaaji wa Kivu hawahitaji kwenda Paris ili kuelewa tofauti ya jina na mizani. Tunaijua kwa magunia ya koltani na kasiteriti. Gunia linafungwa etiketi yenye namba, inayosema: madini haya yametoka katika mgodi uliokubaliwa. Wachunguzi wameandika mara nyingi kwamba etiketi za mgodi mmoja zilifungwa juu ya magunia ya mgodi mwingine. Karatasi ilikuwa safi na namba ilisomeka. Kilichokosekana ni mtu asiye na faida katika biashara ile, wa kufungua gunia na kuuliza: kweli hiki ndicho?

Sasa tuangalie silaha zenyewe. Kongo haikosi maandishi. Tuna sheria ya silaha na masasi, ordonansi-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Mwaka 2004 inchi yetu ilitia saini itifaki ya Nairobi juu ya silaha ndogo ndogo. Tarehe 30 Aprili 2010, ni Kinshasa kwetu ambapo inchi za Afrika ya Kati zilipitisha mkataba juu ya silaha hizo, ule uliopewa jina la mji wetu mkuu na ulioanza kazi tarehe 8 Machi 2017. Maandishi hayo yanadai kila silaha iwe na alama, iandikwe katika daftari, ili ikipatikana mahali pabaya ijulikane imetoka wapi.

Lakini ni nani, usiku, anayejua namba ya bunduki iliyobisha mlango wake? Watu wanajifunza kutambua silaha kwa jina la kundi linaloibeba: hawa ni wa serikali, hawa ni wazalendo, hawa ni waasi. Jina linabadilika asubuhi. Bunduki ni ileile. Kijana anaingia katika kundi, anatoka, anaingia katika lingine, na silaha inahama naye bila kupita kwenye meza yoyote. Tumeliachia jina kazi ya mizani, na sisi hatupotezi medali, tunazika watu.

Siombi uwanja wa kulenga shabaha ufunguliwe Goma ao Bukavu. Bado hatujafika hapo, na mama aliyekimbia mara tatu kwa mwaka mmoja hana haja ya kusikia milio mingine, hata ya mchezo. Naomba tuazime kazi ya meza ile.

Kila silaha inayorudishwa katika shughuli za kunyang'anya silaha isomwe namba yake kwa sauti, mbele ya wajumbe wa mashirika ya raia na shefu wa kijiji, iandikwe, na watu waambiwe baada ya muda imeenda wapi. Silaha ya askari na ya polisi ipimwe kwa daftari kila inapotoka na kila inaporudi, na masasi yahesabiwe. Raia anayepewa ruhusa ya kumiliki silaha, ruhusa yake iandikwe pamoja na namba ya chombo kimoja, si «bastola» tu, maana karatasi isiyotaja namba inaweza kulinda bastola kumi. Na yule anayepima asiwe yule anayeuza, wala yule anayebeba.

Wengine watasema hayo hayawezekani wakati wa vita. Lakini daftari, kalamu na mashahidi watatu havihitaji ndege. Shughuli za kurudisha silaha zinafanyika hata sasa, mahali tofauti, kwa sherehe na hotuba. Mara inayofuata, kabla ya hotuba, wajumbe waombe kuona namba.